Zima Kiyoyozi Kwanza

Julai ya Maskati haina adabu.
Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana,
barabara ya Khuwair imeshapata homa,
na usukani wa baiskeli, ukiusahau barazani,
mchana unakuunguza kiganja kama kikaango.
Basi nikaingia ndani, mimi na baiskeli yangu,
tukakaa sebuleni kama wageni wawili
wasiojua nani aanze kusema.

Binamu yangu Muhsin akaniazima mashine yake ya zamani,
ile ya mapanga ya feni.
Nikapiga pedeli mara tatu:
ndege ikaruka sebuleni.
Vikombe kabatini vikaanza kusutana.
Chini yangu analala Shamsa, muuguzi,
usingizi wake wote ni saa nne, na hizo nazo za kukopa.
Akagonga dari kwa mpini wa fagio.
Jioni akanitumia ujumbe wa sauti:
"Jirani, leo ulipanda mlima gani?"
Hakukasirika. Ndicho kilichoniuma.

Nikaenda Ghala, dukani kwa Hilali.
Akanipangia mashine kama mshenga mwenye mabinti watatu:
hii ya sumaku, nyembamba, nafuu, inapiga mluzi kidogo;
hii ya mafuta, mpole, ila ukiikimbiza inapata joto na kununa;
na hii, gurudumu la nyuma unalivua kabisa,
mnyororo unakaa juu yake moja kwa moja,
"hii, dada, haina sauti. Haina. Wallahi."
Nikamwambia: zima kiyoyozi kwanza.

Akanitazama kana kwamba nimemwomba ang'oe paa.
Kiyoyozi chake kilikuwa kinavuma tangu Machi,
na ndani ya mvumo ule
ungeweza kuapa kuwa trekta ni bubu.
Akazima.
Kikashuka kimya, na nyuma yake joto.
Tukasikiliza, mimi na yeye na kijana wa stoo,
jasho likitutiririka hadi masikioni.
Ya sumaku ililia kama mbu aliyenyimwa.
Ya mafuta ilisema mmm, kama mtu anayekubali asichokisikia.
Ya tatu, nikasikia mnyororo tu,
na saa ya Hilali mkononi mwake.

Riali mia na themanini.
Nilizitoa moyoni mara mbili kabla ya kuzitoa pochini.
Hilali akaniongezea zulia la mpira, bila kuombwa:
"Sauti huingia sikioni, mtikisiko hushuka sakafuni.
Jirani wa chini hasikii, anahisi."
Neno hilo peke yake lilikuwa na thamani ya riali kumi.

Alfajiri ya kwanza nikaendesha saa nzima.
Dakika kumi za mwisho nilipanda, magoti yakitetemeka,
na fagio la Shamsa halikusema kitu.
Nikajipongeza.
Ndipo mlango ukasukumwa: mama,
kanga begani, miwani imekaa upande,
mkono kifuani.
"Kumbe mzima! Nimelala macho wazi.
Ile nyingine nilikuwa nikiisikia, najua mwanangu yu safarini.
Hii umenyamaza nayo, nikasema ameanguka.
Kimya kingi, mwanangu..."
Hakumalizia. Methali zake huziacha mlangoni kama viatu.

Sasa kila alfajiri huja na kiti chake,
hukaa ubavuni mwa gurudumu la mbele lisilozunguka,
akivuta tasbihi yake ya mbao.
Tak. Tak. Tak.
Nimepima kwa masikio yangu:
tasbihi inaishinda mashine.
Shamsa hajagonga.
Nami sijathubutu kumwambia mama
kwamba nililipa riali mia na themanini
nikaishia kumsikiliza yeye.